Dada hafungui apu nilizomtumia: je, zinamsaidia kweli mgonjwa wa kansa ya titi?

"Habari daktari. Dada yangu ana miaka 41, mwaka huu kagundulika na kansa ya titi la kushoto, ziwa wamelitoa na sasa yuko kwenye kemo, kamaliza mizunguko mitatu kati ya sita. Anaishi Dar na mumewe na watoto wawili, mi niko Arusha kikazi. Tangu operesheni kabadilika sana, usiku halali, simu zangu anapokea mara moja moja tena anajibu kwa mkato. Nikaona nimsaidie kwa ninachoweza, nikamtumia apu tatu, moja ya mediteshen, moja ya kuchati na roboti la ushauri na moja ya kurekodi mudi kila siku, halafu nikamuunga kwenye grupu la WhatsApp la wagonjwa na mashujaa wa kansa lina watu zaidi ya 200. Apu hakuna hata moja aliyoifungua, grupu katoka siku ya pili. Mama anasema mawazo ndo yatakayomuua, eti kansa inampenda mtu mwenye huzuni. Naogopa. Je kuna apu nzuri ya Kiswahili atakayokubali kuitumia? Na hizi apu zinafanya kazi kweli au ni biashara tu?"

Pole sana mdogo wangu, na mpe dada pole zangu. Umeuliza kuhusu apu, ila nikisoma mara mbili naona kinachokukosesha usingizi wewe ni ile kauli ya mama: kwamba huzuni ya dada itamuua na wewe uko Arusha huwezi kuizuia. Kwa hiyo tuanze na hapo, maana ukiwa na hofu hiyo utaendelea kumrushia apu mpya kila wiki.

Hiyo habari ya kwamba mawazo yanalisha kansa haikuanza na mama yako. Mwaka 1989 daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, David Spiegel, alichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet, wanawake wenye kansa ya titi iliyosambaa waliokuwa wanakutana kwenye kikundi cha kufarijiana kila wiki walionekana wanaishi muda mrefu kuliko wasiokutana. Dunia nzima ikashangilia. Lakini mwaka 2001 huko Canada, Pamela Goodwin na wenzake wakarudia kitu hichohicho kwa wanawake 235, wakakuta kikundi hakikurefusha maisha, na 2007 Spiegel mwenyewe akatoa matokeo ya kurudia utafiti wake na hakupata ile faida ya kuishi zaidi aliyoipata mwanzo. Ila sikiliza vizuri hapa, kwenye utafiti wa Canada wale waliokuwa kwenye kikundi walisikia maumivu pungufu kuliko wenzao na hali yao ya moyo ilikuwa afadhali, hasa wale walioanza wakiwa na dhiki kubwa. Maana yake faraja ina kazi yake kubwa, na kazi yenyewe ni kumfanya mtu aishi vizuri zaidi siku alizonazo, kuifukuza kansa wanafanya daktari na dawa zake.

Nasisitiza hili kwa sababu kauli ya "usiwaze" inafanya madhara nayaona kila wiki kliniki. Mgonjwa akishaambiwa kwamba akilia anaongeza kansa, hataacha kulia, atalia bafuni maji yakiwa yanamwagika ili asisikike, na juu ya ugonjwa sasa anabeba hatia kwamba anajiua mwenyewe. Muombe mama, kwa heshima zote, hiyo sentensi aiache. Huzuni inakuwa hatari kwa njia nyingine ya kawaida kabisa: mtu aliyezama anaruka tarehe ya kliniki, hali chakula, anapata homa anakaa kimya, vidonge anaviacha kabatini. Hivyo vyote vinazuilika, na hapo ndo simu inaweza kuwa na maana.

Sasa kuhusu kutofungua. Naomba usimsome dada kama mtu aliyekata tamaa au anayekudharau. Mwaka 2019 watafiti walifuatilia apu 93 za afya ya akili zenye watumiaji wengi wakaangalia ni wangapi bado wanazifungua baada ya kuzipakua, wakakuta ikifika siku ya 30 kwenye apu ya kawaida wamebaki kama asilimia 3 tu. Asilimia 3! Na hao wengi hawakuwa kwenye kemo, walikuwa watu wazima wa mwili waliozitafuta wenyewe. Dada yako kaletewa apu tatu kwa mpigo na mtu mwingine, kwa lugha ya Kiingereza nadhani, zinazokula bando, zinazotaka imeili na paswedi, katika miezi ambayo kichwa chenyewe hakishiki kitu.

Na hilo la kichwa kutoshika kitu si kisingizio. Wagonjwa wengi wa kemo wanakuambia anasoma mstari mmoja mara tatu, anasahau alikuwa anaenda chumbani kufanya nini, ni kitu kinachojulikana na mara nyingi kinapungua taratibu baada ya matibabu. Kuna na uchovu ambao ukilala hauishi. Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi hazijui: kwenye siku za kemo wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni kuzuia kutapika na mzio, na dawa hiyo inamfanya mtu awe macho usiku kucha, moyo unaenda mbio, ana hasira za karibu karibu, halafu siku chache baadaye ikishatoka mwilini anaporomoka, analia bila sababu anayoijua. Kwa hiyo sehemu ya hiyo "halali usiku" inaweza kabisa kuwa dawa. Muulize, kukosa usingizi kunakuwa kubaya zaidi siku zipi, ni zile mbili tatu baada ya dripu au ni kila siku? Kama ni zile za karibu na dripu, amwambie daktari wake, pengine dozi inaweza kusogezwa asubuhi au kupunguzwa. Asiache mwenyewe. Hakuna mediteshen ya kushindana na deksamethasoni uliyoimeza saa mbili usiku.

Haya, je apu zinafanya kazi? Jibu langu la ukweli ni kwamba zinafanya kazi pale ambapo upande wa pili wa apu kuna mtu, na zinafifia pale ambapo hakuna. Nitakupa mifano mitatu ili usiniamini kwa maneno matupu.

Wa kwanza ni wa zamani kabla hata ya simu janja. Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani, David Gustafson na wenzake walikuwa na mfumo unaitwa CHESS, wakawapelekea wanawake waliogundulika karibuni na kansa ya titi kompyuta nyumbani, ndani yake kuna maelezo ya ugonjwa, sehemu ya kuuliza wataalamu na sehemu ya kuongea na wagonjwa wenzao. Matokeo yalitoka 2001, kwa wanawake 246 wenye chini ya miaka 60. Waliopewa kompyuta walijiona wanaweza zaidi kutafuta taarifa na kushiriki kwenye maamuzi ya matibabu yao, baadaye wakajiona hawako peke yao, na walionufaika zaidi ni wale wa hali ya chini, ambao huku nje hawakuwa na wa kumuuliza. Naupenda sana huu utafiti kwa hicho kipande cha mwisho, maana watu wanadhani teknolojia ni ya wasomi tu.

Wa pili ni wa China, apu ya simu kabisa, kwa wanawake 114 waliokuwa kwenye kemo ya kansa ya titi, ukachapishwa 2018. Apu ilikuwa na masomo, jukwaa la kuongea, sehemu ya kumuuliza mtaalamu na simulizi za wagonjwa waliotangulia. Baada ya miezi mitatu wanawake walijiamini zaidi na dalili hazikuwavurugia maisha ya kila siku kama zilivyowavurugia wenzao wasio na apu. Lakini wasiwasi na sonona havikupungua kwa namna ya kueleweka, na walipopimwa tena mwezi wa sita ile faida nyingine ilikuwa imeyeyuka. Mtu anayekuuzia apu hawezi kukwambia hiki kipande.

Wa tatu hauhusu moyo moja kwa moja lakini ndo unaonifundisha zaidi. New York, kwenye hospitali ya kansa ya Memorial Sloan Kettering, Ethan Basch na wenzake walichukua wagonjwa 766 wa kansa zilizosambaa, titi ikiwemo, wengine wakawa wanaripoti dalili zao kwa kompyuta, kutapika, maumivu, uchovu na kadhalika, na dalili ikizidi nesi anapata ujumbe palepale. Wengine wakaendelea na kliniki ya kawaida. Walioripoti waliishi wastani wa miezi 31.2 na wale wengine 26.0, yaani kama miezi mitano zaidi. Sasa jiulize, kujaza fomu kunarefushaje maisha? Fomu peke yake haifanyi kitu. Kilichofanya kazi ni nesi aliyesoma, akapiga simu, akabadilisha dawa ya kutapika, akasema njoo leo usisubiri tarehe yako. Ndo maana ile apu ya mudi uliyomtumia dada haina maana yoyote kwake: kila siku inamuuliza unajisikiaje, anabonyeza kisura cha huzuni, hakuna anayekiona, kesho inamuuliza tena. Ukifikiria vizuri ni ukatili kidogo.

Nizipitie zile zako moja moja. Ya mediteshen sina ugomvi nayo. Mwongozo wa pamoja wa chama cha madaktari wa kansa Marekani na wenzao wa tiba shirikishi, wa mwaka 2023, unapendekeza mazoezi ya utulivu wa aina hiyo kwa wasiwasi na sonona, wakati wa matibabu na hata baada yake. Kinachofanyika mwilini kinaeleweka: ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo yanashuka, na ule mfumo wa mwili unaopiga kengele ya hatari unapata nafasi ya kutulia. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tano, basi. Tatizo la apu nyingi za hivi ni sauti ya Mzungu anayekuambia ujione uko ufukweni wakati wewe uko kitandani Mbagala feni inalia na kidonda kinavuta. Sasa kwa nini usirekodi wewe? Nasema kwa dhati. Rekodi voisi noti ya dakika tano kwa sauti yako, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, unahesabu taratibu, katikati unaweka dua au zaburi anayoipenda kama ni mtu wa ibada, umtumie na umwambie asikilize siku akitaka, hata asipokujibu ni sawa. Nina wagonjwa wanaosikiliza noti moja ya mama yao mzazi kila usiku kwa miezi. Haili bando zaidi ya mara moja na haitaki paswedi. Ila mwambie apumulie tumboni, kifua kilichofanyiwa operesheni kikivutwa sana kinauma, na kama anakosa pumzi akiwa amekaa tu hiyo ni ya kwenda hospitali haraka.

Roboti la kuchati mimi nina tahadhari nalo. Siku hizi yanaongea hata Kiswahili kizuri, yanapatikana saa tisa usiku ambapo mi na wewe tumelala, na kuna mtu anapata unafuu wa kutoa ya moyoni bila kuangaliwa usoni, siwezi kulikataa hilo. Lakini linakubaliana na wewe kirahisi mno, na likikosea linakosea kwa kujiamini. Mwaka 2023 Marekani shirika moja la watu wenye matatizo ya kula liliweka roboti linaitwa Tessa kuwashauri, likaanza kuwapa watu hao hao vidokezo vya kupunguza uzito, wakalizima. Na roboti maarufu kabisa la ushauri, Woebot, waliifunga apu yake katikati ya 2025, watu waliokuwa wanaongea nalo kila siku wakabaki hewani. Kwa dada yako mi ningelitumia kwa kitu kimoja tu, kumsaidia kupanga maswali ya kumuuliza daktari. Maswali ya dawa, dozi, mitishamba, "nikiacha kemo itakuwaje", hayo asilipelekee.

Grupu sasa. Hapa nitakusema kidogo, usikasirike. Mtu kuungwa kwenye grupu la watu 200 bila kuulizwa maana yake namba yake na picha yake vimeonwa na watu 200 asiowajua, na wote wanajua ana nini. Pengine hata kazini hajasema. Halafu makundi makubwa ya mchanganyiko yana mambo mawili mabaya: tanzia, na wauza dawa. Anaamka asubuhi anakuta "innalillahi" au "mpendwa wetu ametutoka" ya mtu aliyemsoma juzi akiwa na kansa kama yake, chini yake kuna mtu anauza unga wa stafeli unaomaliza kansa siku 21. Kutoka siku ya pili mi naona dada yako ana akili timamu.

Lakini usifute wazo lenyewe, maana mwenzako aliyepita njia hiyo anakupa kitu ambacho mi na digrii zangu siwezi kukupa. Kinachofaa ni mtu mmoja, au kikundi kidogo chenye nesi au mnasihi anayekisimamia, watu wa hatua inayofanana na yake, mwenye kansa ya hatua ya awali asiwekwe na wale ambao kansa yao imeshasambaa kisha tukategemea apate nguvu. Aulize manesi wa kliniki yake ya kemo, mara nyingi wanawajua wanawake waliomaliza matibabu walio tayari kuongea. Kwa wasomaji wa Nairobi, pale kuna Faraja Cancer Support Trust wanaotoa ushauri nasaha kwa wagonjwa na familia zao. Na dada akikubali kikundi, aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp azuie kuungwa na yeyote, na grupu alizime sauti, alifungue yeye anapotaka.

La siri nimalizie hapohapo. Chochote anachoandika kwenye apu kimeenda kwa mtu. Mwaka 2023 kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, BetterHelp, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya serikali ya Marekani kuituhumu kwamba taarifa za wateja wake zilipelekwa kwa makampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, na watu walikuwa wameahidiwa siri. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019, ni vizuri zipo, ila apu ambayo seva yake iko ng'ambo utaifuata wapi. Asitumie jina kamili, asiweke picha za faili wala majibu ya maabara. Na kuna siri ya karibu zaidi watu wanaisahau: simu ya dada inashikwa na nani? Kama watoto wanachezea gemu humo, ataandikaje kwamba anaogopa kuwaacha?

Kwa hiyo ukiniuliza nikutajie apu moja ya Kiswahili, sitakutajia, na si uchoyo. Apu niliyoikubali leo inaweza kubadilisha mwenye nayo au kufungwa mwezi ujao, na zaidi ya hapo dada yako anahitaji kwanza kuulizwa. Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningemtumia ujumbe wa kuomba radhi kwa yale mafuriko, mfupi, bila kujieleza sana, kitu kama "Dada, nilikurushia mambo mengi bila kukuuliza, nisamehe, nilikuwa naogopa. Huhitaji kufungua chochote." Halafu ningesubiri siku mbili tatu, bila kumshtua na mengine. Kisha ningemuomba kitu kimoja kidogo: kila Jumapili jioni anitumie namba tu, kuanzia 0 hadi 10, wiki hii moyo ulikuwa mzito kiasi gani, 0 hakuna shida, 10 hali mbaya kabisa. Bila maelezo kama hataki. Huo mstari wa 0 hadi 10 sijautunga mimi, vituo vya kansa vinautumia kupima dhiki ya wagonjwa, na kwa kawaida ikifika 4 kwenda juu mtu anatakiwa aulizwe zaidi. Na wewe upande wako uahidi kwamba kila namba itajibiwa na mtu, usiku huohuo. Ikiwa 3 unamtumia kichekesho cha utotoni kwenu. Ikiwa 7 unapiga, au unamuomba shemeji akae naye, kwa ruhusa yake. Zikija 6, 7, 7 wiki tatu mfululizo, hizo namba anazipeleka kliniki kama zilivyo, daktari mwenye foleni ya watu sitini atazisoma kwa sekunde kumi na atazielewa kuliko "nipo nipo tu daktari".

Hapo umeshatengeneza kile cha New York, kwa WhatsApp ya kawaida, kwa bei ya bando la wiki.

Na ukitaka kipimo kirefu zaidi kuna dodoso la kupima sonona linaitwa PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, Kiswahili chake kilipimwa Kenya kwa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo, matokeo yakatoka 2006, na apu nyingi za mudi zimelibeba humohumo. Alama zinaenda mpaka 27, na 10 kwenda juu mtu akaonane na mtaalamu. Kuna mtego mmoja lakini: maswali ya usingizi, hamu ya kula na uchovu, mgonjwa wa kemo atayapata hata kama moyo wake uko salama, kwa hiyo apu inaweza kumpa alama 12 ikamtisha bure. Mimi huwa naangalia kwanza yale mawili ya juu, kukosa raha kwenye vitu vyote na kujisikia huzuni au kukata tamaa, na lile la tisa linalouliza kama mtu anawaza bora afe au ajidhuru. Hilo la tisa likiwa ndiyo, hata kidogo, apu weka chini.

Nikae hapo kwenye la tisa. Mgonjwa wa kansa kuwaza kifo ni kawaida, kusema "nikiondoka watoto watalelewa na nani" ni hofu ya mama yeyote, mwache aseme, usimkatize kwa "usiseme hivyo Mungu atakuponya". Kinachotutisha ni anayesema familia itapumzika akifa, anayegawa vitu vyake, anayelimbikiza vidonge, au aliyekuwa amelemewa ghafla akatulia kwa namna isiyoeleweka. Muulize wazi, "dada, unawaza kujidhuru?" Kuuliza hakumpi wazo. Akikubali asiachwe peke yake, dawa ziondolewe zisiwe karibu yake, apelekwe siku hiyohiyo hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, hakuna kusubiri tarehe ya kemo. Walioko Kenya wana 1199 ya Msalaba Mwekundu wanapiga bure.

Upande wa mwili pia kuna kitu kimoja apu zinakichelewesha: joto likifika 38 akiwa kwenye kemo ni dharura, kinga imeshuka, aende usiku huohuo. Kama hamna kipimajoto nyumbani kinunueni kesho, kitamsaidia kuliko apu zote tatu.

Kama huzuni imekaa wiki mbili na zaidi, haipandi wala kushuka, hata watoto hawamfurahishi, hiyo tunaita sonona na inatibika. Hospitali anayotibiwa aulizie ustawi wa jamii, mnasihi, au kitengo cha tiba shufaa. Watu wakisikia tiba shufaa wanadhani ni ya wanaokaribia kufa, hapana, ni watu wanaotibu maumivu na dhiki wakati matibabu mengine yanaendelea. Anaweza kuhitaji dawa za sonona pia, ila zisinunuliwe duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Baada ya kemo wanawake wengi ambao kansa yao inategemea homoni huwekwa kwenye tamoksifeni kwa miaka, na baadhi ya dawa za sonona, fluoksetini na paroksetini hasa, zinazuia ini kuibadilisha tamoksifeni iwe na nguvu yake kamili. Zipo nyingine zisizo na shida hiyo, daktari atachagua, mradi ajue anameza nini na nini.

Umesema kabadilika tangu operesheni, hukusema tangu kemo. Inawezekana kabisa kinachomuuma ni ziwa. Namna anavyojiona akioga, nguo isiyokaa, mumewe kama anamwangalia au anakwepa kumwangalia. Hakuna apu iliyowahi kunishawishi kwamba inaliweza hili. Hili linahitaji mume aongee, na mara nyingi hajui aanzeje anakaa kimya, mke anausoma ukimya kama kinyaa. Ukiwa na uhusiano mzuri na shemeji mwambie hivyo kwa lugha yenu, na mwambie aende naye kliniki hata mara moja, waulize pamoja kuhusu ziwa bandia la kuvaa, lipo la silikoni na lipo la kitambaa au uzi ambalo ni jepesi na bei yake si ya kutisha, hata la kushona nyumbani linafaa kwa kuanzia kidonda kikishapona.

Ukipata likizo nenda Dar, na kama unachagua tarehe usiende siku ya dripu yenyewe ambapo kuna watu wengi, nenda siku ya nne au ya tano baada yake, ambapo wageni wameondoka na deksamethasoni imeshaisha. Na weka kwenye kalenda yako sasa hivi miezi ile ya baada ya matibabu kuisha. Familia zinasherehekea dripu ya mwisho zinarudi kwenye mambo yao, mgonjwa ndo anaanza kuporomoka kwa sababu hakuna tena nesi wa kumuona kila wiki tatu na kila kaumivu ka mgongo anadhani imerudi. Ile namba ya Jumapili iendelee kipindi hicho chote, na kama yeye mwenyewe wakati huo atataka apu ya mazoezi au ya usingizi, mwache achague yake.